Nyika ya Nani? Kumbukumbu za Safari za Kaskazini mwa Baringo na Ukimya wa Jumbe Kimameta

Utangulizi

Mwanzoni mwa Machi 1888 msafara uliotoka Njemps, kusini mwa Ziwa Baringo, uliwasili ufukoni mwa ziwa kubwa la kaskazini baada ya mwendo wa zaidi ya majuma matatu katika nchi ya mawe na majivu ya volkano. Watu walikuwa wamechoshwa na kiu. Walipoyafikia maji waliyoyaona kwa mbali, wakayaonja, wakayakuta yana magadi. Habari hii imehifadhiwa katika kitabu cha Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria na Hungaria, aliyesafiri pamoja na Samuel Teleki, mtu wa ukoo wa kikabaila kutoka Hungaria. Kitabu chenyewe kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1892 na kwa Kiingereza mwaka 1894. Ndani yake ziwa hilo linapewa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, mtu ambaye hakupata kuliona na ambaye alifariki Januari 1889, miezi michache tu baada ya msafara kurudi pwani.

Katika msafara huo alikuwamo mtu mwingine ambaye jina lake halikupewa ziwa wala mlima. Huyo ni Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Kiswahili kutoka Pangani, aliyekuwa ameizoea njia ya Baringo kabla ya Wazungu hao kufika. Mwaka 1883 alifuatana na Joseph Thomson, Mskoti aliyetumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la London. Mwaka 1887 akawa kiongozi na mshauri wa Teleki. Vitabu viwili mashuhuri vya safari katika Bonde la Ufa, kile cha Thomson cha mwaka 1885 na hicho cha Höhnel, vimesimama juu ya maarifa yake. Yeye mwenyewe hakuacha kitabu.

Makala haya yanachunguza maana ya ukimya huo katika historia ya fasihi ya Kiswahili. Kwa kawaida wahakiki wa nathari ya kale ya Kiswahili hutazama njia za misafara za kusini, yaani zile za Unyanyembe, Ujiji na Manyema, kwa sababu huko ndiko zilikotokea matini zinazojulikana. Njia ya kaskazini, iliyopita Naivasha, Elmenteita na Nakuru hadi Baringo, huachiwa wanahistoria. Hoja ya makala haya ni kwamba njia hiyo nayo ina matini yake ya Kiswahili, ila matini hiyo imetawanyika ndani ya vitabu vya watu wengine, na kwamba kutokusomwa kwake kumesaidia kuidumisha dhana moja yenye madhara: kwamba upande wa kaskazini ni nyika tupu.

Nyika ni nini?

Neno lenyewe lastahili kuchunguzwa kwanza. Kwa mtu wa pwani, nyika haikuwa mbali. Ilianza mara tu baada ya mashamba na minazi kwisha, mwendo wa saa chache kutoka Mombasa. Ndiyo maana majirani wa karibu kabisa wa Waswahili, ambao leo huitwa Wamijikenda, waliitwa Wanyika, jina ambalo wenyewe walilikataa kwa kuwa lilibeba dharau. Kwa hiyo nyika si aina ya ardhi tu. Ni neno la mtu anayesimama mahali fulani na kutazama upande mwingine. Huonyesha pale ambapo maarifa ya msemaji yanakoma, wala si pale ambapo watu wanakoma.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika Bonde la Ufa. Kwa mpagazi wa Pangani, Njemps ilikuwa ndani kabisa ya nyika. Kwa Wailchamus wa Njemps, hapo palikuwa nyumbani, na nyika ilikuwa ng'ambo ya kaskazini, kwenye nchi kavu inayoteremka kuelekea Suguta. Kwa Waturkana, ng'ambo hiyo ndiyo iliyokuwa nyumbani. Mpaka wa nyika ulisogea kwa kila aliyeulizwa. Vitabu vya Wazungu viliusimamisha mahali pamoja na kuuchora kwenye ramani.

Njia ya Njemps

Misafara ya kaskazini ilianzia Pangani na Mombasa ikiwa na shehena za ushanga, senyenge na merikani, nayo ilitafuta pembe za ndovu. Nchi ya Wamaasai ilivukwa kwa hongo na kwa subira, na wengi wa wafanyabiashara waliiogopa. Faida ya Njemps ilikuwa nafaka. Wailchamus, watu wanaosema Kimaa, walikuwa wamechimba mifereji ya kunyweshea mashamba kutoka kwenye mito inayoingia Baringo, wakalima nafaka mahali ambapo mvua haitoshi. Msafara uliotoka katika nchi ya wafugaji, ambako posho ilikuwa taabu kuipata, uliweza kupumzika hapo, kununua chakula, kuacha mizigo na kutuma makundi madogo kwenda kutafuta pembe.

Jambo hili lina uzito wa kifasihi. Thomson na Höhnel wote wawili wanaipa Njemps nafasi ya bandari katika masimulizi yao. Ni mahali pa kutua, kuhesabu watu, kutibu wagonjwa na kujiandaa. Wenyeji wanasifiwa kwa upole na uaminifu. Lakini sifa hiyo haifuatiwi na swali ambalo msomaji wa leo angeliuliza: mifereji hiyo ilijengwa na nani, ikasimamiwa kwa kanuni gani, na mwaka wa ukame nafaka iligawanywaje kati ya mwenyeji na mgeni? Teleki alipofika mwishoni mwa mwaka 1887, chakula kilikuwa haba Njemps. Msafara wa mamia ya watu uliotua katika kijiji chenye uhaba haukuwa mgeni mwepesi. Katika kitabu, uhaba huo ni shida ya msafara. Shida ya mwenyeji haikupata ukurasa wake.

Majina ya mahali ndiyo sehemu ya kwanza ya ile matini ya Kiswahili iliyotawanyika. Thomson na Höhnel wanaandika kuhusu Njemps Mdogo na Njemps Mkubwa, na wanaandika hivyo kwa sababu ndivyo misafara ilivyosema. Njemps ni matamshi ya misafara ya jina la Wailchamus. Kamasia, jina walilopewa Watugen, na Suk, walilopewa Wapokot, yaliingia katika ramani na baadaye katika ofisi za serikali kutoka vinywani mwa wapagazi na wafanyabiashara. Uwanda wa juu wa mashariki ya Naivasha, ambako Thomson aliugua kuhara damu mwaka 1884 nusura afe, unaitwa Mianzini katika kitabu chake, na kila msomaji wa Kiswahili huona mara moja kwamba jina hilo limetokana na mianzi. Ramani ya Bonde la Ufa iliyochapishwa London ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ramani iliyokwisha kusemwa kwa Kiswahili.

Ushahidi wa kale zaidi unaunga mkono jambo hili. Mwaka 1870 jarida la Shirika la Kifalme la Jiografia lilichapisha maelezo ya njia za misafara kutoka pwani hadi bara, yaliyokusanywa na mmisionari Thomas Wakefield wa Ribe. Wakefield hakuwa amezipita njia hizo. Maelezo yalitoka hasa kwa Sadi bin Ahedi, Mswahili wa pande za Gazi, aliyezisimulia kituo kwa kituo: maji yako wapi, watu gani wanakaa wapi, mwendo ni wa siku ngapi. Jina la Sadi limo katika anwani ya makala yenyewe, heshima ambayo waliomfuata hawakuipata. Matini hiyo ingeweza kuhesabiwa miongoni mwa masimulizi ya mwanzo ya safari ya Kiswahili yaliyochapishwa, ijapokuwa ilichapishwa kwa Kiingereza. Fani yake ni orodha, na orodha ya vituo ni fani halali ya fasihi simulizi ya msafara. Ndiyo kumbukumbu ya mtu ambaye uhai wake ulitegemea kukumbuka kisima.

Wasimulizi wawili

Kitabu cha Thomson kina kasi na mzaha. Msimulizi wake ni kijana wa miaka 25 anayejicheka mwenyewe na kuwacheka wengine. Mbele ya Wamaasai anajifanya mganga: anaweka chumvi ya dawa kwenye maji ili yachemke povu, anayang'oa na kuyarudisha meno yake mawili ya bandia. Mzaha huu umependwa na wasomaji wengi, nao haukosi ubinadamu. Lakini kifani unafanya kazi maalumu. Unamweka msimulizi katikati ya jukwaa, na kila aliye pembeni anakuwa mtazamaji wa kiini macho. Kwamba Jumbe Kimameta, aliyekwisha kuivuka nchi hiyohiyo bila povu wala meno ya bandia, alikuwa na mbinu zake za kuwaridhisha wazee na kuwatuliza vijana wenye mikuki, hilo linaonekana kwa kupenya tu kati ya mistari.

Höhnel ni msimulizi wa namna nyingine. Yeye ni mpimaji. Anaandika urefu wa milima, mwelekeo wa mito na hesabu ya mizigo. Ubora wa kitabu chake ni uangalifu, na hadi leo wanahistoria wanakitegemea. Hata hivyo uangalifu huo una mipaka inayojitokeza hasa kaskazini mwa Baringo. Humo anaeleza Mlima Nyiro, nchi ya mawe inayoteremka ziwani, Waelmolo wachache wanaovua samaki upande wa kusini mashariki, na Wareshiat wa kaskazini, yaani Wadassanech, waliowauzia wageni nafaka. Kurudi kwao kupitia nchi ya Waturkana na Wapokot kunasimuliwa kama mashindano na njaa, na njaa hiyo iliwapeleka hata kwenye unyang'anyi wa mifugo ya wenyeji. Höhnel hafichi jambo hilo. Analieleza kama dharura. Msomaji anabaki akijiuliza jinsi tukio hilo lilivyosimuliwa jioni hiyo katika maboma yaliyoporwa.

Linalovutia zaidi ni kwamba Höhnel mwenyewe anatuachia ushahidi unaopinga dai la uvumbuzi. Anarekodi kwamba ziwa kubwa lilikuwa na jina kwa Kimaa, Basso Narok, yaani ziwa jeusi, na lile dogo la kaskazini mashariki, aliloliita Stefanie, lilikuwa Basso na Ebor, ziwa jeupe. Majina mawili yanayotofautisha rangi ya maji hayatungwi na watu wasioyafahamu maziwa hayo. Tena baada ya Njemps hata Jumbe Kimameta alihitaji kuongozwa, na msafara ulifuata viongozi wa Kindorobo. Maarifa yalipokezwa kama mzigo begani: kutoka kwa Mndorobo hadi kwa Mswahili, kutoka kwa Mswahili hadi kwa Mzungu, na kutoka kwa Mzungu hadi kwa mpiga chapa. Aliyeandikwa kuwa mvumbuzi ni yule wa mwisho kupokea.

Mwaka 1975 serikali ya Kenya iliipa sehemu ya mnyororo huo haki yake kwa kuliita ziwa hilo Turkana. Jina la Basso Narok limebaki kwenye vitabu.

Jina, cheo na ukimya

Thomson anamwandika Jumba Kimameta, Höhnel Jumbe Kimemeta, na baadhi ya wanahistoria wa baadaye Juma Kimameta. Tofauti hizi si za tahajia tu. Jumbe ni cheo cha Mrima: mkuu wa mji au kijiji, mtu mwenye haki zake katika ushuru na katika baraza. Juma ni jina la mtu yeyote aliyezaliwa Ijumaa. Katika mwendo wa kunakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, mtu mwenye cheo amegeuka mtu mwenye jina tu. Na ikiwa tahajia ya Höhnel ndiyo sahihi, sikio la Mswahili haliwezi kukosa kusikia ndani yake kitenzi memeta, jambo linaloelekea kuwa jina la sifa alilopewa na wenzake kuliko jina la kuzaliwa. Hivyo mtu huyu anatujia akiwa na cheo kilichopotoshwa na lakabu isiyofafanuliwa, naye ndiye aliyejua njia.

Kwa nini hakuandika? Jibu la haraka ni kwamba wafanyabiashara hawakuwa waandishi. Jibu hilo halitoshi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alikuwa mfanyabiashara, na maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe yalichapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Sleman bin Mwenye Chande alisimulia safari yake ya biashara ya bara, nayo ikatiwa katika mkusanyiko wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliotoka mwaka 1901. Kinachowaunganisha hawa na kumtenga Kimameta ni mtu wa kuuliza. Velten na Brode walihitaji matini za Kiswahili kwa ajili ya mafunzo ya maafisa wa Kijerumani na kwa ajili ya elimu ya lugha, wakawaomba watu waandike au wasimulie. Nathari ya safari ya Kiswahili ilizaliwa pale ambapo aliyeuliza alikutana na aliyekumbuka. Njia ya Baringo iliangukia upande wa Waingereza, ambako hakuna aliyeuliza kwa namna hiyo.

Sababu ya pili ni ya wakati. Teleki na watu wake walipofika Mombasa Oktoba 1888, Pangani ilikuwa imekwisha kuinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani. Bushiri bin Salim alinyongwa mjini humo Desemba 1889. Kalamu ya Mrima ilikuwa na jambo zito zaidi la kuandika, na iliandika: utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy kuhusu vita vya Wadachi ni ushahidi wa hilo. Mji ulipokuwa ukipigwa mizinga, kumbukumbu za ziwa la magadi zingeweza kungoja. Zikangoja hadi waliokuwa nazo wakafa.

Ni lazima kuongeza tahadhari. Kitabu cha Kimameta, kama kingelikuwapo, kisingekuwa sauti ya kaskazini. Kingekuwa kitabu cha mfanyabiashara wa pembe. Msomaji wa Tippu Tip anajua jinsi nchi nzima inavyoweza kupungua ikawa bei, bunduki na deni. Biashara ya misafara haikuwa safi: iliwaua ndovu, ilisambaza silaha, na wapagazi wake walikufa njiani bila kuhesabiwa. Kumrudishia Kimameta nafasi yake si kumtakasa. Ni kukubali kwamba ukimya una tabaka, na kwamba chini ya ukimya wa Mswahili kuna ukimya wa Mwilchamus, Mndorobo na Mturkana.

Kaskazini nyingine

Mfano mmoja wa mkusanyiko wa Velten unaonyesha kilichopotea. Salim bin Abakari, mtu wa asili ya Komoro, alifuatana mwaka 1896 na Bumiller, Mjerumani aliyekuwa msaidizi wa Wissmann, katika safari ya Urusi na Siberia. Masimulizi yake ni kumbukumbu kamili ya nyika ya kaskazini na watu wake, kwa Kiswahili, ijapokuwa nyika hiyo ni ya Asia. Anawaeleza watu wa mahema na farasi, chakula chao, baridi yao na dini zao. Anapofika kwa Waislamu wa Asia ya Kati, ugeni unapungua, kwa kuwa kuna sala moja. Na watu wanamshangaa kwa rangi yake.

Jambo la kuzingatia ni mahali pa msimulizi. Salim ni mtumishi katika msafara wa bwana wa Kizungu, sawa na maelfu ya watu wa pwani waliopita Baringo na kwingineko. Lakini hapa mtumishi ndiye anayeandika, na bwana ndiye anayetajwa pembeni. Hatafuti kuvumbua. Analinganisha: kitu hiki kwetu kiko hivi, kwao kiko vile. Nafsi ya kwanza katika masimulizi yake ni ya mtu anayejua kwamba yeye pia ni kitu cha kutazamwa. Fani hii ya ulinganishi, isiyo na jukwaa wala kiini macho, ndiyo ambayo pengine ingetumika na mpagazi yeyote wa Teleki kama angeliulizwa. Fasihi ya Kiswahili inayo kumbukumbu ya Siberia iliyoandikwa na mtu wa pwani. Haina kumbukumbu ya namna hiyo ya ziwa lililo ndani ya Kenya.

Nyika inarudi kwa tafsiri

Pengo hilo halikubaki tupu. Lilijazwa. Katika miaka ya 1880 riwaya za H. Rider Haggard zilitumia malighafi ya vitabu vya safari. King Solomon's Mines ilitoka mwaka 1885, mwaka uleule wa kitabu cha Thomson, na wahakiki wamekwisha kuonyesha ulinganifu wa tukio la meno ya bandia. Allan Quatermain, ya mwaka 1887, inawapeleka wahusika wake kupitia nchi ya Wamaasai hadi nchi ya kubuni iliyofichika ng'ambo. Riwaya ya kwanza ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson kwa jina la Mashimo ya Mfalme Suleimani mwaka 1929, na ya pili ikafuata katika miaka ya 1930. Vitabu hivi vilisomwa shuleni kwa miongo mingi, na vizazi vya waandishi wa Afrika Mashariki vilijifunza nathari ya matukio kutoka kwavyo.

Mzunguko wenyewe ni wa ajabu. Maarifa yaliyosemwa kwa Kiswahili katika kambi za Bonde la Ufa yaliingia katika kitabu cha Kiingereza. Hali ya vitabu vya namna hiyo ikaingia katika riwaya. Riwaya ikarudi kwa Kiswahili sanifu na kuwekwa mikononi mwa mtoto wa shule. Lakini kilichorudi hakikuwa orodha ya visima ya Sadi bin Ahedi. Kilichorudi ni nyika ya hazina na hatari, yenye wenyeji wakatili au waaminifu na mashujaa wenye bunduki. Mtoto wa Nakuru aliyesoma tafsiri hizo alifundishwa kuitazama nchi iliyo nyuma ya vilima vyake kwa macho ya mgeni, na alifundishwa hivyo kwa lugha ya Kimameta.

Nyika kuwa sheria

Taswira ikikaa sana hugeuka sera. Sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902 iliuwezesha utawala wa kikoloni kufunga maeneo ya kaskazini, na sheria ya wilaya maalumu ya mwaka 1934 ilizidi kuwabana wakazi wake. Nakuru, iliyozaliwa kama kituo cha reli mwaka 1900, ikawa mji mkuu wa mashamba ya walowezi. Turkana ikawa mahali pa kwenda kwa kibali. Aprili 1953 Jomo Kenyatta na wenzake walihukumiwa Kapenguria, wakafungwa Lokitaung, karibu na ziwa lilelile. Ni kana kwamba mtu aliyepelekwa huko amepelekwa mahali pasipo na watu. Bildad Kaggia, mmoja wa wafungwa hao, ameandika kumbukumbu zake katika kitabu chake cha mwaka 1975. Hivyo miongoni mwa kumbukumbu za kaskazini zilizoandikwa na Wakenya ziko za watu waliopelekwa huko kwa minyororo.

Uhuru haukuibadili taswira hiyo mara moja. Waraka wa Serikali Na. 10 wa mwaka 1965 ulielekeza uwekezaji mahali palipotarajiwa kuleta mazao mengi, na sehemu kavu zikabaki nyuma. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aligundua Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mabaki ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita, yaani mahali palipoitwa patupu ni miongoni mwa makao ya kale kabisa ya binadamu. Mwaka 2012 ugunduzi wa mafuta ulitangazwa Turkana. Mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa umeme wa upepo, mashariki ya ziwa, hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Kesi hiyo, ukiitazama kwa jicho la mhakiki, ilihusu neno nyika: je, ardhi isiyo na ua wala nyumba za mawe ni ardhi isiyo na mwenyewe?

Hitimisho

Masimulizi ya asili ya Waturkana yanamtaja mwanamke aitwaye Nayece, aliyekuwa akichuma matunda ya mwituni katika bonde la mto Tarach. Fahali wa rangi ya kijivu alipotea kutoka upande wa magharibi, akamfikia. Vijana waliofuata nyayo za fahali huyo walimkuta Nayece, naye akawaonyesha nchi na matunda yake. Wakarudi kwao kuwaita wenzao, wakaja, wakakaa. Katika simulizi hii pia mgeni anafika kaskazini akitafuta kitu, na mwenyeji anamwonyesha njia. Lakini mwenyeji ana jina, ni mwanamke, na jina lake limebaki kwenye mlima ulioko hapo. Na nchi yenyewe haisimuliwi kama upungufu. Inasimuliwa kama mahali ambapo palikuwa na cha kula.

Kati ya simulizi ya Nayece na kitabu cha Höhnel ndipo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili unapoweza kufanya kazi yake. Kazi ya kwanza ni kuvisoma upya vitabu vya Thomson na Höhnel kwa sikio la Kiswahili, na kuyatenga ndani yake majina, istilahi na maelekezo ambayo ni ya misafara. Ya pili ni kuyahesabu masimulizi ya Sadi bin Ahedi kuwa sehemu ya historia ya nathari yetu. Ya tatu, na ya haraka kuliko zote, ni kurekodi masimulizi ya Wailchamus, Watugen, Wapokot, Waelmolo na Waturkana kuhusu misafara iliyopita kwao, maana waliopokea simulizi hizo kutoka kwa babu zao wanazidi kupungua. Kutoka Njoro, ambako Chuo Kikuu cha Egerton kipo, hadi Marigat ni safari ya saa chache. Jumbe Kimameta hakuulizwa na mtu mpaka akanyamaza kabisa. Wajukuu wa waliomuuzia nafaka bado wapo, na wanasema Kiswahili.